Pumzi Moja Ametutoka

Jumatatu, 8 Julai

Baridi. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mifupani. Kituo kizima cha redio kina mafua. Meneja anapiga chafya. Mpokea simu anapiga chafya. Hata simu yenyewe ukiiweka sikioni unaisikia imelowa.

Mimi mzima. Naliandika hilo kwa mkazo.

Habari kubwa: mtangazaji wa kipindi cha asubuhi anastaafu. Meneja ametuita ofisini, mimi na Magoli, akasema Jumamosi atatusikiliza hewani, kila mtu kwenye zamu yake, kisha atachagua mmoja. Magoli ni mtu wa michezo. Mtu wa kelele. Anaweza kushangilia hata akitangaza matokeo ya drafti.

Mimi nasoma matangazo ya vifo. Watu hudhani ni kazi ya huzuni. Ni ya huzuni kweli. Lakini nina jina mjini: Pumzi Moja! Nililipata kwa sababu nikianza na marehemu alikuwa baba wa, babu wa, mjomba wa, shemeji wa, baba mkwe wa, sisimami mpaka nimefika kwa ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Watu hunisimamisha sokoni kunipa mkono.

Asichokijua mtu yeyote pale kazini ni kwamba nina pumu. Nimeirithi kwa Mama, pamoja na pua. Na haitajulikana. Nani atampa kipindi cha asubuhi mtu anayepiga filimbi kifuani?

Mwezi uliopita muuguzi wa kliniki alinipa pampu mbili za dawa ya kuvuta. Ya kahawia ni ya kinga, nivute asubuhi na jioni kila siku, niwe naumwa nisiwe naumwa. Ya buluu ni ya kufungua kifua kikibana. Akasema pia nichanjwe mafua kabla baridi haijaanza. Nikamshukuru sana. Foleni ya chanjo ilikuwa barazani, kila apitaye njia anakuona. Nikapita kama mtu aliyepotea. Pampu ya kahawia nimeiweka kabatini, nyuma ya soksi. Kinga ni kitu cha kutumia hatari ikifika, na hatari haijafika. Muuguzi ni binti mwenye adabu, ila hajui kuweka akiba.

Jioni Mama aliniita chumbani kwake. Ana karedio kadogo kando ya kitanda, hakosi tangazo langu hata moja. Akasema leo nimesoma ukoo mzima bila koma. Nikasema asante. Akasema hakuwa ananisifu. Nikisoma vile, yeye huku ndiye anayeishiwa pumzi. Akaniomba niwe napumua kwenye koma. Mama haelewi sanaa.

Jumanne, 9 Julai

Magoli ana mafua. Si mafua ya mtu mmoja, ni ya familia nzima yamehamia kwake.

Studio moja. Maikrofoni moja. Sponji moja ya kuivalisha maikrofoni. Zamu yake iko kabla ya yangu! Leo niliiona ile sponji kwa macho yangu. Inang'aa.

Saa ya chakula nikaivua, nikaitupa, nikaivalisha maikrofoni soksi yangu nyeusi, safi, niliyoitoa kabatini asubuhi. Akili kama hii haipatikani dukani.

Nilichosahau ni vile vidonge vya kufukuza nondo ambavyo mke wangu huvitia kati ya soksi. Tangazo la kwanza tu, harufu ikapanda puani ikashuka kifuani. Nikakohoa kati ya mjomba na shemeji. Wasikilizaji wakapiga simu. Mmoja akauliza kwa nini vifo siku hizi vinasomewa ndani ya kabati. Mwingine akatoa pole, alidhani marehemu ni ndugu yangu.

Meneja akaja juu, akataka kujua nani kaiba sponji. Magoli akasema kwa ile pua yake kwamba sponji ni bali ya ubba. Alimaanisha mali ya umma. Kisha wote wakaitazama soksi, wakatazama miguu ya kila mmoja. Bahati nzuri nilikuwa nimevaa zote mbili.

Nyumbani kifua kikabana kidogo. Nikavuta ya buluu mara mbili. Mke wangu alisikia akiwa jikoni, akauliza kama ile ya kahawia naitumia. Nikasema nimeishika leo asubuhi. Na kweli niliishika, nilipokuwa natafuta soksi.

Jumatano, 10 Julai

Nimegundua mafua yanapopitia. Mikono! Watu wanafuta pua kisha wanakupa mkono, na ukikataa utaambiwa umevimba kichwa kabla hata hujapewa kipindi.

Basi leo nimeufunga mkono wa kulia bandeji, kuanzia vidole mpaka kiwiko. Mgonjwa haombwi mkono. Niliingia kazini natabasamu kwa maumivu.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Halafu habari zikaenea. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mikono nikasahau pole. Pole haitolewi kwa mbali. Kila mtu alikuja karibu, akanishika bega, akainama kuitazama bandeji, akauliza ilikuwaje, akaikoholea. Wa kwanza nilimwambia pasi. Wa pili nikamwambia mlango. Wakarudi wote wawili pamoja kulinganisha. Mpokea simu alitokwa na machozi, akapenga kamasi, akanishika tena.

Magoli alisema kwa kuwa mkono haushikiki, atanikumbatia. Akanikumbatia! Kidevu begani kwangu, anapumua taratibu, ananuka dawa ya kuchua. Nilihisi mafua yakihama.

Kama hiyo haitoshi, jioni wakaja nyumbani kumjulia hali mgonjwa. Madirisha yamefungwa kwa baridi. Sebule ndogo. Akimaliza huyu kukohoa anapokea yule. Mama akatoka kuwasalimu, akauliza ni mkono gani. Nikanyanyua wenye bandeji. Ulikuwa wa kushoto. Nilikuwa nimeoga, nikaifunga upya.

Mke wangu akaitazama bandeji, akanitazama mimi, akaenda kuongeza maji ya chai.

Alhamisi, 11 Julai

Yamenipata.

Koo kama limepigwa msasa. Pua imeziba. Kifua kinapiga filimbi yenye sauti mbili. Na Jumamosi ni keshokutwa!

Pampu ya buluu nimeivuta asubuhi, nikaivuta kazini chooni huku nimefungulia bomba lisikike, nikaivuta mchana. Mchana ikaisha, haitoi hata pumzi. Mke wangu akasema aende duka la dawa mara moja. Nikamkataza. Muuza dawa ni shemeji yake Magoli. Jambo likiingia pale, jioni liko mjini. Akasema basi niende kliniki. Dirisha la kliniki linatazamana na kituo cha mabasi. Nikamwuliza kama anataka mumewe awe tangazo.

Akasema akinitazama anaona naelekea huko huko.

Nikaitoa ya kahawia nyuma ya soksi. Nikavuta kwa mfululizo, kulipia siku zote nilizoziruka. Nikangoja. Hakuna kitu. Kinga gani hii isiyokinga? Nikairudisha kabatini kwa dharau.

Hapo nikakumbuka ya Mama.

Mama anayo ya buluu, iliyobaki kidogo, katika kifuko alichokifuma mwenyewe, kinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikaingia kama mtu anayetafuta gazeti. Nikavuta mara mbili tu. Kisha mbili nyingine, za kuzisindikiza zile. Kifua kikafunguka kama mlango! Nikakifunga kifuko, nikakitundika vile vile kilivyokuwa.

Si wizi. Mtu haibi kwa mama yake.

Ijumaa, 12 Julai

Leo nimekwenda nayo kazini mfukoni na kuirudisha kabla Mama hajalala. Kilichorahisisha mambo ni kwamba yeye haigusi. Kila asubuhi na jioni anavuta yake ya kahawia, anasukutua mdomo, anaendelea na shughuli zake. Tangu baridi ianze hajaihitaji ya buluu hata siku moja. Bahati ya wazee. Sasa dawa isiyotumika itaharibika bure, nami nimemwokoa na hasara.

Imekuwa nyepesi ukiitikisa. Lakini bado inatoa, nimejaribu dirishani, na inayotoa haijaisha. Jioni haikunisaidia sana. Hali ya hewa.

Mke wangu anasema ameniona nalala nimekaa. Nikamwambia watangazaji wakubwa hulala hivyo kutunza sauti. Akanisogezea mto wa pili mgongoni, akazima taa. Nilikaa gizani nikisikiliza filimbi zangu, na ng'ambo ya ukuta nikamsikia Mama akipumua polepole, vizuri, kama hana deni na mtu. Nikamwonea wivu mama yangu mzazi kwa hewa.

Jumamosi, 13 Julai

Nitaeleza kwa mpangilio.

Asubuhi nilivuta ya Mama mara nyingi, nikairudisha kwenye kifuko, nikaenda. Meneja amekaa nyuma ya kioo. Magoli akaanza na michezo. Pua imeziba kabisa. Mabingwa wakawa babigwa. Nilifurahi, nakiri, nikafurahi mpaka nikakohoa.

Zamu yangu. Marehemu alikuwa fundi saa mstaafu, mtu wa ukoo usio na mwisho. Nikaanza kwa sauti yangu ile nzito. Baba wa, babu wa, mjomba wa, kaka wa, shemeji wa. Nilipofika baba mkwe wa, kifua kikafunga. Mdomo wazi, hakuna kinachoingia wala kutoka. Taa nyekundu inawaka. Mji mzima unasikiliza. Nikainuka, nikapunga mkono, nikatoka nikaanguka magoti kwenye korido.

Magoli akarukia kiti. Sina budi kusema alifanya alichopaswa mwenzako kufanya. Akalimaliza tangazo la watu. Kisha, kwa sauti ya huzuni ambayo ni mafua tu, akasema: "Wasikilizaji wetu wapenzi, bwenzetu Pubzi Boja abetutoka..."

Kidogo! Alikuwa anasema nimewatoka kidogo, nimetoka nje, narudi! Lakini hilo "kidogo" likazama ndani ya chafya. Na baada ya chafya ukapigwa ule muziki wa maombolezo unaofuata matangazo yangu kila siku.

Hayo yote sikuyajua. Nilikuwa chini sakafuni nachungulia kaburi. Aliyeniinua ni mpokea simu. Akanikalisha wima, akakimbilia mezani kwake, akanipa pampu ya buluu. Yake! Ana pumu. Huiweka mezani kando ya simu, mbele ya watu. Siku zote nilidhani ni gundi. Akasema nivute taratibu, nitulie, nivute tena. Akataka niende hospitali. Nikasema nakwenda nyumbani.

Mtaani kwetu kumejaa watu. Viti uani. Mwenye bucha amefunga bucha. Nikasimama nyuma ya ua, kwenye manyunyu, nijue nani amefariki.

Mimi.

Fundi cherehani jirani alikuwa anasema nilikuwa mtu wa watu. Mwenye bucha, ambaye hajanisalimu tangu tulipogombana juu ya mifupa, anasema mji umepoteza sauti. Mmoja akalia. Mwingine akasema hata kifo chake kakisoma mwenyewe nusu. Wote wanakohoa, wanapenga, wanakohoa. Ningepaswa kujitokeza. Sikujitokeza. Nilisimama pale nikasikiliza mpaka wakaanza kurudia.

Nilipotokea, fundi cherehani akapiga ukelele, viti vikaanguka, wengine wakakimbilia barabarani. Walipotulia na kunigusa na kuhakikisha, mwenye bucha akaniuliza nafanya nini hapa. Kwa nini siko hospitali na Mama.

Mama alikuwa kitandani, redio kando yake. Alinisikia nikikatika. Akasikia ametutoka. Kifua kikamfunga. Akanyoosha mkono kwenye msumari, akafungua kifuko, akavuta. Akavuta tena. Mke wangu alimkuta bado anavuta, midomo imebadilika rangi. Seremala wa nyumba ya pili akawachukua kwa gari lake.

Nami nilikuwa nyuma ya ua nasikiliza sifa zangu.

Jumapili, 14 Julai

Yuko hai. Ana kifuniko cha mvuke usoni, macho yamefumba, mkono mdogo kama wa mtoto. Nilikaa naye asubuhi yote. Sikuwa na hila yoyote kichwani. Niliogopa tu.

Yule muuguzi wa kliniki ndiye aliye zamu wodini. Aliishika pampu ya Mama, akaitikisa, akasema hii imeisha zamani. Akaeleza kwamba dawa ikiisha ndani hubaki upepo, ukibonyeza bado inatoa na mtu anadhani anavuta dawa. Akauliza nani kaimaliza, maana kwenye kadi imeandikwa Mama haitumii siku hizi.

Mama akakivua kifuniko. Akasema ni yeye. Uzee, mwanangu, nasahau, navuta bila kujua.

Muuguzi akamkemea. Kwa upole, lakini akamkemea, mbele ya wagonjwa wengine. Mama akaitikia kila neno, ndiyo, nimekosa, sitarudia. Mimi nikatazama ukuta. Nilitaka kusema. Kifua kilinibana na safari hii haikuwa pumu. Nikainama, nikamfunika Mama miguu iliyokwisha funikwa.

Kwenye korido mke wangu alinieleza habari ya kifuko. Mama hufunga kamba yake kitanzi kimoja. Jana aliikuta imefungwa kama kamba za viatu. Mwenye kufunga hivyo nyumbani kwetu ni mmoja. Hakupaza sauti. Nilitamani apaze. Akasema Mama akitoka hapa atakwenda kukaa kwa dada yangu, na kwamba hakuwa ananiomba ushauri.

Alhamisi, 18 Julai

Mama amehama jana. Kaondoka na redio yake. Umebaki msumari.

Magoli amepewa kipindi cha asubuhi. Anatangaza jua kuchomoza kama limefunga goli. Meneja aliniita, akasema hana neno na pumu, na kama angejua angenunua sponji ya pili na kunipangia zamu ya mbali na watu wa mafua. Sasa ndiyo ananiambia! Sokoni watu hawanipi tena mkono. Wananigusa begani, waone kama nipo.

Muuguzi alinipa ya buluu mpya na akaniapisha juu ya ile ya kahawia. Nimeivuta tangu Jumapili, asubuhi na jioni, mke wangu akisimama mlangoni kama polisi. Na lazima niseme kweli: kifua kimetulia. Filimbi imekoma. Jana nimelala chali.

Kwa hiyo nimepona. Kwa hiyo leo, mke wangu alipokwenda kuoga, nimeirudisha kabatini nyuma ya soksi. Mtu mzima hanywi dawa. Itanifaa siku nikiumwa.

Jioni Mama alipiga simu. Sauti yake bado ndogo. Akasema kwa dada redio inashika vizuri na kesho atanisikiliza. Hakutaja kifuko, wala pampu, wala siku ile. Akaniomba jambo moja tu, lile lile. Nipumue kwenye koma. Akinisikia navuta pumzi, naye anaweza kuvuta yake. Nikamwahidi. Tulipoagana niliingia chumbani kwake, nikakaa kitandani chini ya msumari, nikalia.

Kisha nikafikiri. Tatizo la Mama ni wasiwasi. Anadhani kifua changu bado kibovu. Na mtu anayesimama kila koma atamtoa wasiwasi nani? Tangazo la kesho nimeliona: bibi kizee, watoto, wajukuu, vitukuu, wakwe, ukoo umejaza ukurasa mpaka nyuma.

Nitausoma wote kwa pumzi moja, Mama asikie kwamba mwanawe ni mzima.